Masomo Matano Kati ya Nane

Kambere alilipia masomo matano. Hilo lieleweke tangu mwanzo, maana baadaye watu wa Mususa, mtaa wake kule Butembo, walisema mengi: kwamba alirogwa, kwamba uzee umemfikia kabla ya miaka yake, kwamba kichwa kilimruka kwa sababu ya joto la Beni. Hapana. Alilipia matano, akapewa matano, na mwalimu hakumpunja hata dakika moja.

Mwalimu alikuwa Adjuda Mathe, polisi mstaafu mwenye kitambi kidogo na sauti kubwa, ambaye kila Jumatano na Jumamosi asubuhi alifundisha nyuma ya tanuru la matofali. Wanafunzi wake walikuwa wafanyabiashara waliopata ruhusa ya kubeba bastola na ambao hawajawahi kushika kitu cha hatari kuliko kalamu. Kambere alikuwa mmoja wao. Majambazi walikuwa wamevunja depo yake ya mabati na misumari mara mbili kwa mwaka mmoja, na mara ya pili walimpiga mlinzi hadi akapoteza jicho. Akaomba ruhusa, akangoja miezi kumi na moja, akaipata. Ofisini wakamwambia alete karatasi ya mafunzo. Mafunzo ya wakubwa yalikuwa mbali, na bei yake ilikuwa ya wakubwa. Adjuda Mathe, yeye, alikuwa ameandika kwenye kipande cha kartoni: MASOMO YA SILAHA, BEI YA MUTU WA KAWAIDA.

Na bei ilikuwa ya mtu wa kawaida kweli, kwa sababu na vifaa vilikuwa vya mtu wa kawaida. Bastola za darasani zilikuwa za mbao. Seremala wa jirani alizichonga kutoka mabaki ya vitanda, zikawa nzito vya kutosha, ila kifyatulio hazikuwa nacho. Alikichora tu kwa kalamu ya bic. Na kwa kuwa risasi ni ghali, mwanafunzi alipiga kwa mdomo. Unaingiza mkono ndani ya koti, unachomoa, unanyoosha mikono miwili, kidole unakilaza pembeni ya mbao, unasema: Pa!

"Hapana kwa koo!" Adjuda alikuwa anapiga kelele. "Kwa tumbo! Mwizi asikie unasema kweli! Papa Sadrack, rudilia!"

Papa Sadrack ndiye Kambere; aliitwa hivyo kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Na alirudilia. Kambere ni mtu ambaye akilipia kitu anakitumia mpaka kiishe. Alirudilia mara mia, mara mia mbili, mpaka wapiga matofali wakaacha kazi yao na kuja kuangalia wazee sita wenye makoti, wamepangwa mstari mmoja, wanauambia mlima Pa!

Kitu ambacho Adjuda alikisisitiza kuliko vyote ni hiki: mtu akikuelekezea bastola usoni, usifikiri. "Ukianza kuwaza, umekwisha. Acha mukono ufanye." Ili kuwazoeza, alikuwa anakusogelea polepole, anakuuliza habari za bei ya saruji, bibi hajambo, batoto hawajambo, halafu ghafla anakubandika mbao kwenye paji la uso. Wiki ya kwanza Kambere alikufa mara nyingi. Mwisho wa wiki ya pili mkono wake ulikuwa unafanya peke yake, na Adjuda akamsifu mbele ya wengine.

Masomo yote yalikuwa manane. La kwanza kuivaa, la pili kuificha, la tatu kuichomoa, la nne kulenga, la tano kupiga. La sita lilikuwa kutoa risasi, la saba kuitunza nyumbani, la nane sheria. Karatasi ya ofisi ilitolewa baada ya la tano. Kambere akauliza kama yale matatu ya mwisho ni ya lazima. Adjuda akasema si ya lazima, ila yana faida. Kambere amefanya biashara miaka thelathini na analijua neno faida linatoka kwenye mdomo wa nani. Akasema matano yanatosha.

Somo la tano lilikuwa la risasi za kweli, tatu kwa kila mtu, na kila mtu na bastola yake. Mbili za Kambere ziliingia mlimani. Ya tatu haijulikani ilikoenda mpaka leo. Kisha Adjuda akaichukua ile bastola, akaijaza vizuri kama fundi anayekurudishia pikipiki na mafuta ndani, akamrudishia kiunoni chini ya koti, akampa karatasi yenye muhuri.

"Sasa weye ni mutu kamili," akamwambia. Kesho yake Adjuda akaenda Lubero kwenye matanga ya shangazi yake, na simu yake ikazimika.

Basi Kambere akafika nyumbani na bastola iliyojaa, na hakujua kuitoa risasi.

Cheka, hakuna anayekukataza. Lakini jiweke mahali pake. Somo la pili lilisema hakuna mtu wa kujua, hata bibi yako wa kitanda. Somo la kwanza lilisema silaha haitoki mwilini. Kuiweka kabatini? Nyumbani kuna wajukuu, watoto wa binti zake, wanaofungua kila kitu, hata redio. Kumuuliza polisi? Mfukoni ana karatasi yenye muhuri inayosema kwamba anajua. Akaivaa. Akala nayo, akaenda nayo misa, akalala nayo kwenye kiti, ameketi wima kama chifu anayepigwa picha. Alimwambia mkewe Victoire kwamba ni rhumatisme ya mgongo. Victoire ni mtu wa huruma. Alimchemshia majani machungu kila jioni, na Kambere akayanywa yote bila neno. Siku tisa zilipita hivyo, na macho yake yakawa mekundu kama pilipili.

Siku ya tisa ndiyo iliyokuwa siku ya mbuzi, yaani ya kupeleka mahari.

Sadrack, mwanawe wa kwanza, fundi umeme, alikuwa anampenda Christa wa Bungulu, kule Beni, kwa miaka mitatu. Christa hana baba. Baba yake alipigwa risasi shambani akivuna kakao, na aliyempiga hakujulikana alikuwa wa upande gani. Kila upande ulileta pole. Tangu siku ile mama yake, Mama Agar, hakuwa mtu wa masharti mengi. Alikuwa na sharti moja tu. Alimketisha Sadrack sebuleni mbele ya watu akamuuliza: kwa baba yako kuna bunduki? Sadrack akasema hakuna. Mwezi uliopita alimuuliza tena, na safari hii Sadrack alishika Biblia akaapa. Ndipo Mama Agar akasema haya, mulete mbuzi.

Kambere alilijua sharti hilo. Alilijua hata siku alipoomba ruhusa. Alijiambia kwamba depo ni ya Sadrack, kwamba anachokilinda ni mali ya Sadrack na Christa na watoto watakaokuja, na kwamba kitu ambacho hakuna anayekijua hakimuumizi mtu. Na alijua pia kwamba Mama Agar akiiona bastola ile, mbuzi watarudi Butembo, harusi itakufa, na mwanawe atabaki mwongo mbele ya ukoo wa watu. Hilo alilijua vizuri kuliko namna ya kutoa risasi.

Asubuhi ile alifikiria kuitupa chooni, akaogopa italipuka. Alifikiria kumwachia mlinzi, akakumbuka mlinzi ana jicho moja. Mwishowe akavaa koti lake zito la kijivu juu ya kila kitu, akapanda gari la Noah pamoja na Sadrack na Jéthro, kaka mkubwa wa Kambere mwenyewe na msemaji wa familia. Victoire alibaki kuangalia depo. Mbuzi walikuwa wametangulia na kamiyo, lori la kukodi.

Sasa, Butembo koti ni nguo tu. Kule juu kuna baridi hata saa sita, na mtu akivaa koti hakuna anayemgeukia. Adjuda Mathe ni mtoto wa Butembo na masomo yake yalikuwa ya Butembo: ficha mu koti. Hakuna aliyekumbuka kwamba barabara ya Beni inashuka. Walipofika Kalunguta, Jéthro alivua sweta. Mbele kidogo Sadrack alikunja mikono ya shati. Kwenye kizuizi cha mwisho askari mmoja alichungulia dirishani, akamtazama Kambere kutoka juu mpaka chini, akamuuliza kwa Lingala, "Papa, malili?"

Kambere akajibu kwamba ndiyo, baridi iko. Askari akajifuta jasho shingoni na kuwaachia wapite.

Walifika Bungulu saa sita na nusu. Sebule ya Mama Agar ilikuwa imejaa watu, chini ya mabati membamba ambayo Kambere aliyatambua mara moja kuwa ya kichina, hayazuii joto wala mvua. Angempatia mazuri zaidi na bei ingekuwa ya undugu. Lakini hakuwa na nafasi ya kulisema hilo, kwa sababu Christa alikuwa amesimama mbele yake.

Katika familia hizi, siku ya mbuzi, binti mwenyewe ndiye anayepokea koti la baba mkwe na kulitundika nyuma ya mlango. Maana yake umefika, hauna haraka, hapa ni kwako. Ukibaki nalo, maana yake umepita tu. Christa alikuwa amefunga kikwembe kipya cha kitenge. Akakunja magoti kidogo, akanyoosha mikono miwili.

"Papa, munipatie koti."

"Hapana, mutoto yangu," Kambere akasema. "Niko na baridi."

Watu kumi na wawili wenye mashati yaliyolowa mgongoni walimwangalia mtu mwenye baridi. Malachie, mdogo wa marehemu baba yake Christa na msemaji wa upande wao, akaona aibu kwa ajili ya mgeni, akaamua kusaidia. Akaja mikono wazi ili wasalimiane kiume, kichwa kwa kichwa, kifua karibu na kifua. Kambere akarudi nyuma hatua moja, akamtolea kiwiko.

Bon. Kiwiko ni lazima kielezwe. Huku Beni na Butembo kulikuwa na miaka ambayo kila mtu alisalimia kwa kiwiko, miaka ya Ebola, ambayo hakuna anayeitaja bila kushusha sauti. Tangu ugonjwa ule uishe, mtu hatoi kiwiko bila sababu. Malachie alikigusa cha Kambere kwa heshima, kisha akakitazama cha kwake mwenyewe muda mrefu.

Kambere akaketi kwenye ncha ya kiti, kwa sababu akiegemea, chuma kinamchoma tumbo. Mkono mmoja aliuweka pale pale, juu ya koti, ili kitu kisisogee. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Wakaleta bugali, sombe na kuku. Akasema hana njaa. Wakaleta sucré, soda ya chupa, akaomba maji. Jéthro akaanza hotuba yake kuhusu mbuzi, hotuba nzuri aliyoiandaa wiki nzima.

Mama Agar hakuwa anaisikiliza. Alikuwa ameketi mbele ya Kambere, mwanamke mwembamba, hana maneno mengi. Miaka ile ya ugonjwa alikuwa mmoja wa watu wa mtaa waliofundishwa kupita nyumba kwa nyumba kutafuta wagonjwa. Alizika majirani wanne, na orodha ya dalili aliijua kama Salamu Maria. Kambere alimwona akihesabu kwenye vidole. Macho mekundu, kidole kimoja. Jasho pamoja na baridi, cha pili. Tumbo. Hataki kula. Hataki kuguswa. Mkono mmoja ukaisha.

Akasimama. Akawatoa watoto nje, akafungua madirisha yote, akasukuma ndoo ya maji ya klore, dawa ya kunawa, mpaka mlangoni. Jéthro akanyamaza katikati ya mbuzi wa saba.

"Papa Sadrack," Mama Agar akasema kwa sauti ya upole, "ni siku ngapi haulale?"

"Tisa."

"Tumbo inauma?"

"Inanisukuma tu."

"Kule Butembo, mulizika mutu?"

"Mimi hapana. Ni Adjuda njo alienda kuzika. Kule Lubero."

Hilo halikusaidia. Wageni wawili waliokuwa karibu na mlango walikumbuka kwamba wana kazi mahali pengine. Sadrack akamgeukia baba yake, na macho yake yalikuwa na machozi.

"Papa, uko mugonjwa? Na haukuniambia?"

Kambere alimpenda mwanawe sana dakika ile, na kwa sababu ya upendo huo akaona njia. Mgonjwa anasamehewa yote. Mgonjwa anabaki na koti lake. Wangempeleka hospitali, harusi ingengoja, mbuzi wangebaki. Hospitali wangemvua nguo, hilo hakulifikiria. Kichwa kisicholala siku tisa hakifiki mbali hivyo.

"Ni kidogo tu," akasema. "Ni kama homa."

Ndiyo nafasi aliyokuwa nayo ya kusema kweli, na aliitumia vile.

Mama Agar akaingia chumbani, akarudi na kile kifaa chake cha zamani cha kupima joto, thermoflashi, ambacho alikitunza kwenye sanduku pamoja na nguo za kanisa. Nani asiyekijua huku kwetu? Ni plastiki nyeupe, kina mshiko, kina mdomo, unakishika kama bastola na kumlenga mtu kwenye paji la uso, kinalia pii na kuonyesha namba. Miaka ile Kambere alilengwa nacho sokoni, kanisani, barabarani, na kila mara aliinamisha kichwa kama watu wote. Siku nyingine yoyote angekiinamisha tena.

Lakini Mama Agar alifanya kazi yake vizuri. Alikuwa amefundishwa kwamba mgonjwa asitishwe, kwamba umzungumzishe mambo ya kawaida. Kwa hiyo alimsogelea polepole, kifaa amekishusha kwenye kikwembe, akamuuliza habari za biashara. Mabati inauzika? Bibi hajambo? Batoto hawajambo? Kambere akajibu kwamba hawajambo. Kisha Mama Agar akainua mkono na kukielekeza usoni.

Mkono wa Kambere ukafanya.

Koti likafunguka, kiti kikaanguka nyuma, mikono miwili ikanyooka. Kambere wa Mususa akajikuta amesimama katikati ya sebule ya wakwe, bastola iliyojaa mbele ya uso wa mama yake Christa, kidole kimelala pembeni kama kilivyozoea kwenye mbao, na akasema kwa tumbo, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani:

"Pa!"

Pii, thermoflashi ikajibu.

Malachie alikuwa tayari chini ya meza, na sahani ya kuku ameishika. Jéthro alikuwa ametoka kwa dirisha. Mama Agar peke yake hakusogea. Mkono hakuushusha. Alikigeuza kifaa kidogo, akasoma.

"Trente-six virgule deux," akasema. "Hauna homa."

Kambere aliangalia mikono yake mwenyewe na kile ilichokishika. Aibu ilimshika kuanzia miguuni. Alitamani ardhi ya Bungulu ifunguke, au angalau mtu apige kelele, lakini hakuna aliyepiga.

"Iko na masasi?" Mama Agar akauliza.

"Iko nayo."

"Toa."

"Sijue kutoa, Mama," Kambere akasema. "Ilikuwa somo ya sita."

Mama Agar alimtazama kama mtu anayeangalia mvua na nguo ziko nje. Kisha akaweka thermoflashi mezani, akanyoosha mkono.

"Leta. Mudomo yake iangalie chini. Pole pole."

Kambere akampa. Vidole vya yule mama vilifanya jambo moja upande huu na jingine upande ule, risasi zikamwagika kwenye kikwembe, na moja ikaruka sakafuni ikabingirika mpaka kwa Malachie. Akaishika bastola kwa muda wa pumzi mbili, akachungulia ndani, akaiweka juu ya kitambaa cha meza.

"Basoda ba jeshi baliikala hapa kwangu mwaka muzima," akasema, bila kumwambia mtu yeyote. "Mabunduki baliwekaka kwa hii meza. Batoto yangu bakulie wapi? Nikajifunza. Saa ya kula natoa masasi yote, naweka mu bakuli, njo naleta bugali."

Nje mbuzi walikuwa wanalia, na huko ndani mtu wa kwanza kusema alikuwa Sadrack.

"Papa. Hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Tangu lini?"

"Ruhusa ni ya mwezi wa tatu. Hii yenyewe nilinunua mwezi wa ine."

Sadrack alihesabu. Ilionekana usoni mwake akihesabu.

"Mwezi uliopita, wa tano, niliapa hapa," akasema. "Nilishika Biblia. Weye ulikuwa unajua naenda kuapa. Uliniambia nivae shati nyeupe."

"Nilikuwa nalinda depo. Depo ni yako, Sadrack. Nitaiuza hiyo kitu. Kesho naiuza, Mama, mbele ya Mungu."

"Uza, usiuze, ni yako," Mama Agar akasema. "Bezi balikuvunjia, mulinzi akapoteza jicho, nilisikia. Mutu akiogopa, mimi sitamuchekelea. Mimi pia naogopaka kila siku." Alikuwa anakusanya risasi kwenye kikwembe, moja moja. "Mais mutoto yako wa tumbo ulimuficha. Ukamuacha akuye kuniapia uongo na hajue. Yeye ni damu yako. Sasa huyu wangu, akifika kwako, utamuficha nini?"

Kambere aliokota kiti kilichoanguka, akaketi.

Christa alikuwa amesimama penye mlango, kikwembe kipya amekiuma kwa meno asilie. Watu walingoja neno moja tu, kwamba mbuzi warudishwe. Kamiyo ilikuwa bado haijaondoka. Mama Agar alimwangalia Sadrack, akamwangalia binti yake, akamrudia Sadrack.

"Weye haukudanganya," akamwambia. "Ulisema kile ulikuwa unajua. Binti nitakupa. Mbuzi itabaki. Lakini kule Mususa Christa hataingia. Mutaikala hapa Bungulu, mu parsele yangu, mutajenga pale nyuma. Umeme na hapa inaharibikaka."

Hapo hata Malachie alitoka chini ya meza. Kwa watu hawa mwanamume haendi kukaa kwa mama mkwe. Mke ndiye anayekuja. Na mtoto wa kwanza tena, yule anayengojewa na nyumba, na depo, na kiti cha baba! Jéthro akasema kutoka nje ya dirisha kwamba jambo hilo halijatendeka katika ukoo wao. Malachie akasema hata katika ukoo wao halijatendeka. Lilikuwa jambo la kwanza ambalo wasemaji wawili walikubaliana siku ile.

"Sadrack," Kambere akasema. "Huku kuna vita, mutoto yangu. Batu banakufa huku. Depo nilijenga ju yako. Nilipanga misumari na mikono yangu, ju yako."

Sadrack hakumtazama baba yake. Alikuwa anatazama meza.

"Nitaikala hapa, Mama," akasema.

Hakumwambia Kambere; alimwambia Mama Agar. Kambere aliumia, na aliumia vibaya, kwenye kifua, mahali ambapo hakuna thermoflashi inayofika. Akavua koti mwenyewe. Hakuna aliyekuja kulipokea, akalikunja na kuliweka magotini.

Sherehe ikaendelea, kwa kuwa mbuzi walikuwa wamekwisha kuja na chakula kimekwisha kuiva. Jéthro akarudi kwa mlango na kumalizia hotuba yake, akairuka sehemu ya mbuzi wa saba. Mbuzi wakapokelewa. Kuku akaliwa, hata yule aliyekwenda chini ya meza. Kambere naye akala, na kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa aliegemea kiti, na usingizi ukamchukua hapo hapo mbele ya wakwe, bugali mkononi. Hakuna aliyemwamsha. Alipoamka alikuta wamemfunika kikwembe miguuni, na Christa anatoa vyombo kwa kunyata.

Saa kumi dereva wa Noah akapiga honi. Risasi Mama Agar alikuwa amezitupa chooni mwenyewe. Bastola tupu aliifunga kwenye mfuko wa unga, akampa dereva, na dereva akaiweka nyuma kabisa chini ya tairi la akiba, mbele ya macho ya watu wote. Mama Agar akampa Kambere mkono, mkono mzima na si kiwiko, akamwambia wasingya, asante, kwa kuleta mbuzi. Hakusema karibu tena.

Sadrack akamsindikiza baba yake mpaka kwenye gari. Kambere alikuwa na maneno mengi, kuhusu depo, kuhusu mama yake Sadrack ambaye bado hajui kitu na anayengoja kule na chungu motoni, kuhusu woga wa mtu anayelala nyuma ya milango mitatu ya chuma.

"Noeli utakuya?" akauliza.

"Nitakuya, Papa."

"Na Christa?"

"Tutaona."

Kisha Sadrack akamkumbatia. Hakuwa amemkumbatia tangu alipokuwa wa shule ya msingi, na Kambere akafurahi, akafumba macho, akaweka kidevu kwenye bega la mwanawe. Alihisi mikono ya Sadrack ikipita kwenye mbavu. Ikashuka kiunoni. Ikazunguka nyuma, chini ya mshipi, ikarudi mbele, polepole, ikapapasa mfuko wa kulia, kisha wa kushoto. Kambere akainua mikono yake kidogo pembeni, akamwacha amalize.